Kabla ya kuuliza nani ni mrefu, tuhesabu mechi



Kila mwaka wa masomo ukikaribia, kuna swali lenye halikosi kati yetu: wasichana wa basketi wa vyuo vyetu vya Goma watafika wapi msimu huu? Na majibu ni yale yale. Mmoja anasema hakuna mchezaji mrefu. Mwingine anasema yule mwenye alikuwa anafunga amemaliza masomo na ameenda Butembo. Wa tatu anasema tuchange, tununue jezi mpya, mambo yataenda.

Mimi ni mtu wa agronomia, si kocha. Lakini kwetu tunafundishwa kwamba kabla ya kulaumu mbegu, uangalie kwanza kalenda: shamba lilipandwa juma gani, lilipata mvua mara ngapi. Hapa Kivu mkulima mwenye amekosa majuma ya Septemba kwa msimu A, hata umpe mbolea ya bei gani, hatavuna kama jirani yake. Kwa jicho hilo nimesoma historia ya basketi ya wasichana, kutoka mwanzo wake mpaka hapa Birere. Nimeona jambo moja linarudi kila mahali: ekipe inasimama kwa idadi ya mechi inazocheza. Urefu, jezi na hata feza vinakuja nyuma.

1. Mchezo wa wasichana wa vyuo tangu mwanzo

Basketi ilianzishwa na James Naismith mwezi wa Desemba 1891, mjini Springfield, Marekani. Wengi wanafikiri wanawake waliingia baadaye sana. Hapana. Mwaka uliofuata, 1892, mwalimu Senda Berenson aliuleta mchezo huo Smith College, chuo cha wasichana chenye hakiko mbali na Springfield. Lakini alibadilisha sheria: uwanja uligawanywa sehemu 3, na mchezaji hakuruhusiwa kutoka sehemu yake. Ni juu watu wa wakati ule waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kukimbia uwanja mzima.

Tarehe 4 Aprili 1896, mjini San Francisco, wasichana wa Stanford walikutana na wale wa chuo kikuu cha California kutoka Berkeley. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya wasichana kati ya vyuo viwili. Kila upande ulikuwa na wachezaji 9, wanaume hawakuruhusiwa kuingia kuangalia, na Stanford ilishinda 2 kwa 1. Ndiyo, 2 kwa 1, kama football.

Mtu angefikiri kwamba baada ya mwanzo huo mambo yalipanda haraka. Yalikwama. Miaka mingi walimu wengi, hata walimu wanawake, walipinga mechi kati ya chuo na chuo. Walisema mashindano yanaharibu msichana: acheze ndani ya chuo chake, kwa afya tu. Sheria ya wachezaji 5 wenye kukimbia uwanja mzima ilikubaliwa kwa wasichana wa vyuo vya Marekani mwaka 1971. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 80 baada ya Berenson. Nchi ilikuwa tajiri, viwanja vilikuwepo, wasichana warefu walikuwepo. Kitu chenye kilikosekana ni mechi.

2. Chuo kidogo chenye hakikuwa na uwanja

Mwaka 1972 vyuo vya wasichana vya Marekani vilifanya mashindano yao ya kwanza ya taifa kwa mfumo mpya. Bingwa hakutoka chuo kikubwa. Alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa umeungua miaka ya nyuma, kwa hiyo walikuwa wageni kila siku: mazoezi wanaenda kwa watu, mechi wanaenda kwa watu. Kocha wao, Cathy Rush, alikuwa bado kijana na alilipwa feza kidogo sana.

Walipofuzu kwenda mashindano ya taifa katika jimbo la Illinois, chuo hakikuwa na feza ya tiketi za ndege. Wasichana wakaanza kuuza miswaki. Feza yenye ilipatikana ilitosha wachezaji 8 tu, wengine wakabaki nyumbani. Hao 8 walifika fainali na wakafunga West Chester 52 kwa 48. West Chester ilikuwa jirani yao na ilikuwa imewafunga mapema msimu ule ule. Immaculata ikachukua ubingwa tena 1973, na tena 1974.

Sikilizeni vizuri feza ile ilifanya kazi gani. Haikununua jezi wala picha ya kutundika ukutani. Ilibeba watu 8 mpaka pale mechi zilikuwa. Na ile West Chester wenye waliwafunga kwenye fainali, walikuwa wamekwisha kuijua kwa kipigo chake.

3. Wakati Zaire ilikuwa inaogopwa

Sasa turudi nyumbani, juu historia yetu katika mchezo huu ni kubwa kuliko vile vijana wengi wa hapa wanafikiri. Tangu 1974 mpaka 2000, kombe la Afrika la basketi ya wanawake lilijua nchi 2 tu: Senegal na sisi. Kwa jina la Zaire tulilichukua mara 3: mwaka 1983 Luanda, mwaka 1986 Maputo, na mwaka 1994 Afrika ya Kusini. Mwaka 1996 wasichana wetu walienda Olimpiki ya Atlanta, na walikuwa ekipe ya kwanza ya basketi ya wanawake kutoka Afrika kucheza Olimpiki. Ya kwanza, wandugu. Mbele ya Senegal, mbele ya Nigeria.

Angalieni tarehe. Mwaka 1991 na mwaka 1993 nchi ilipita kwenye uporaji wa wanajeshi, maduka na viwanda vikabaki kuta tupu. Mwaka 1994 wenyewe, sisi hapa Goma tulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kwa siku chache, kipindupindu kikaua watu kwa maelfu, miili ikalala kando ya barabara. Ubingwa wa Afrika ulikuja ndani ya mwaka ule ule. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tulishinda juu nchi ilikuwa tajiri.

Mimi nasoma hivi: Kinshasa ilikuwa na klabu za wanawake zenye kushindana ndani ya mji mmoja, kama Tourbillon na Arc-en-Ciel. Mchezaji hakuhitaji ndege ili apate mpinzani mkali. Alivuka mtaa. Ujirani ule ulizaa mechi, na mechi zilizaa wachezaji. Mmoja wao ni Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1976. Alicheza Atlanta, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alikuwa Los Angeles Sparks, msimu wa kwanza kabisa wa ligi ya wanawake ya WNBA. Hakupitia chuo cha Marekani kama wenzake wengi. Alichukua ubingwa wa ligi hiyo mwaka 2001 na 2002.

Lakini Atlanta ilitufundisha upande mwingine. Zaire ilipoteza mechi zote na ikamaliza ya 12 kati ya 12. Marekani ilitufunga 107 kwa 47. Hapa wengi wanakimbilia kusema: ni Wamarekani, ni warefu, wana vyakula. Sawa, lakini kuna hesabu nyingine. Ekipe ile ya Marekani, chini ya kocha Tara VanDerveer wa Stanford, ilikusanyika tangu mwaka 1995 na ikacheza mechi 52 za kujitayarisha kabla ya Olimpiki. Ilianza na vyuo vya nchi yao, halafu ikazunguka dunia. Ilishinda zote 52, ikaongeza 8 za Olimpiki. Miaka 100 tangu Stanford ishinde 2 kwa 1, kocha wa Stanford alikuwa anatuonyesha maana ya kalenda.

Baadaye mnajua. Vita vya 1996, halafu vita vya Agosti 1998. Mwaka 1998 wasichana wetu bado walicheza kombe la dunia Ujerumani, na tangu siku hiyo hawajarudi kombe la dunia wala Olimpiki. Mpaka 2003 Goma ilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine, kama nchi mbili. Ekipe ya Goma ingemfunga nani, na ingefungwa na nani? Nchi yenye haikutani haiwezi kuwa na ligi. Leo Nigeria imechukua kombe la Afrika mara 5 mfululizo, tangu 2017. Sisi bado tunahesabu la 1994.

4. Birere na mawe yake

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka mpaka mjini. Lava ilipita katikati ya Birere, ikafunika nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu walijenga tena juu ya mawe yale yale. Mwenye anacheza basketi hapa anajua hiyo inamaanisha nini: balo mpya inakwaruzwa na mawe na vumbi mpaka inakuwa laini kama embe ndani ya miezi michache, na magoti ya wasichana yanaonyesha kila mwanguko.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule 2002, hapa Goma alizaliwa mtoto mwenye anaitwa Jonathan Kuminga. Alienda Marekani akiwa bado mdogo, na mwaka 2022 alivaa pete ya ubingwa wa NBA na Golden State Warriors. Nataja jina lake kwa sababu moja tu: vipaji hapa haviishi. Lakini yeye alienda kutafuta mechi kule ziko. Msichana wa Birere mwenye kipaji kama chake, mlango wake uko wapi? Kwa wengi, mlango ni ekipe ya chuo tu. Ikikufa, hakuna mwingine.

Na ekipe hiyo inakatwa kila mara. Novemba 2012 mji ulianguka. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudi, na siku 5 baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu wakaenda Sake, Minova, Rwanda. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, banki zikafungwa. Kila mara wavulana walirudi uwanjani kwanza, wasichana nyuma, na wengine hawakurudi kabisa. Msichana mwenye amekaa miezi 6 bila balo, nyumbani wanakuwa wamekwisha kumpangia kazi zingine.

5. Sasa msimu ujao utakuwaje?

Nitajibu waziwazi. Kama tutafanya kama kawaida, yaani mazoezi ya miezi 3 halafu mashindano ya siku 2 mwisho wa mwaka, wasichana wetu watacheza vizuri robo ya kwanza na ya pili, halafu watavunjika. Haitakuwa juu ya urefu. Mazoezi yanafundisha kutupa. Mechi ndiyo inafundisha mambo mengine: kucheza robo nzima ukiwa na faute 4 bila kuongeza ya 5, kuvuka nusu ya uwanja kwa sekunde 8 wakati watu wanakubana, kutafuta nafasi kabla sekunde 24 haziishe, kupumua wakati mwamuzi amekosea na wewe unataka kumjibu. Hayo hakuna mwenye anajifunza peke yake na kikapu.

Kuna jambo lingine lenye hatulisemi. Sisi wa mfumo wa zamani tulikuwa na miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Mchezaji mwenye aliingia promosheni ya kwanza, kocha alikuwa naye miaka 5. Kwa LMD lisansi inaisha kwa miaka 3. Ekipe ya wachezaji 12 inapoteza karibu 4 kila mwaka. Maana yake: kocha hana tena muda wa kumngoja msichana akomae polepole. Ile miaka 2 yenye imepotea, lazima tuirudishe kwa kuongeza mechi ndani ya 3 zenye zimebaki. Na wale wa promosheni ya kwanza wasikae kwenye benchi mpaka mwaka wa pili, kwani msimu mmoja ni theluthi ya maisha yao ya basketi chuoni.

Hesabu yake ni ndogo. Tuchukue vyuo 5 vya mjini. Kila kimoja kikutane na kila kingine mara 2. Hiyo ni mechi 20 kwa jumla, na kila ekipe inacheza 8. Mechi 2 kila Jumamosi, ekipe moja inapumzika: Jumamosi 10 zinatosha. Hakuna ndege, hakuna boti ya Bukavu, hakuna mpaka wa kuvuka. Ni ujirani ule ule wa Kinshasa wenye nimesema juu, lakini kwa miguu au kwa moto. Wenzetu wa Nairobi na Kampala wamekwenda mbali zaidi. Ekipe za wasichana za vyuo kama Strathmore na Zetech kule Kenya, au Lady Canons wa Uganda Christian University, zinaingia ligi kuu ya nchi na kupambana na klabu za watu wazima. Hapo msichana wa miaka 19 anacheza na mwanamke wa miaka 30 mwenye viwiko vigumu, na anakomaa. Sisi leo hatuwezi kufika huko mara moja. Jumamosi 10 tunaziweza.

Hapa niseme kama mtu wa agronomia. Viwanja vyetu vingi havina paa. Mvua za Goma ni nzito kuanzia Septemba mpaka Desemba, halafu zinarudi Machi mpaka Mei, na mara nyingi zinanyesha mchana na jioni. Tukipanga mechi saa 10 za jioni mwezi wa Novemba, tunapanga kuahirisha. Januari na Februari mvua inapungua kidogo: hapo ndipo mechi zingine ziwekwe. Na kwa miezi ya mvua, tucheze asubuhi, saa 3, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya Nyiragongo.

Asubuhi inasaidia kwa sababu nyingine pia. Jua linazama saa 12, na mji wetu usiku haumfai msichana mwenye anarudi peke yake na mfuko wa michezo. Mama mwenye anakataza mtoto wake mazoezi ya jioni, si adui wa basketi. Lakini asubuhi nayo iko na bei yake: ni saa ya maji, ya bidoni, ya kufagia na kupika kwa wadogo. Kwa hiyo saa isipangwe na komite ya wanaume wamekaa peke yao. Wasichana wenyewe waulizwe, na mama zao waonyeshwe kalenda iliyoandikwa, yenye tarehe na saa ya kurudi. Mzazi wa Goma anamwamini mtu mwenye anaandika.

6. Feza ya chama

Sasa nafika pale ambapo pengine tutabishana. Kila mara tunapochanga kwa ajili ya ekipe, tunanunua jezi. Jezi inaonekana, inapigwa picha, jina la chama liko mgongoni. Siwezi kusema ni mbaya. Lakini ekipe yenye jezi mpya na mechi 2 kwa mwaka, ni kama shamba lenye uzio mzuri bila kupandwa.

Ninaomba mchango wa safari hii ulipe vitu 4 tu. Kwanza, balo: kwa uwanja wa mawe kama wetu, balo 1 haimalizi msimu, na balo laini inafundisha mkono vibaya. Pili, waamuzi: mechi bila mwamuzi mwenye anajua sheria inaisha kwa ugomvi, na wazazi hawarudi. Tatu, moto za kurudisha nyumbani wale wa mbali, wa Ndosho na Mugunga, kila Jumamosi. Nne, dawa na bandeji za magoti na vifundo. Jezi za mwaka jana zifuliwe, zishonwe pale zimepasuka, zitaenda.

Kama vita vitakata kalenda katikati, na hapa kwetu hakuna mwenye anaweza kuapa kwamba havitakata, basi mechi 4 zenye zitakuwa zimechezwa zitabaki kwenye miguu ya wasichana. Jezi hazitabaki na kitu.

Mnaniuliza watafika wapi msimu ujao? Kwa mechi 8 kila ekipe, ninaamini tutaona basketi yenye inamaliza robo ya nne imesimama, na wasichana wa promosheni ya kwanza wenye watakuwa wakali mwaka unaofuata. Kombe litaenda kwa chuo chochote, si neno. Kwa mechi 2, msiniulize tena.

Mwenye yuko tayari kulipa mwamuzi wa Jumamosi moja, moja tu, aandike jina lake kwa komite ya chama. Jumamosi ziko 10. Wa kwanza niandikeni mimi.